Sikio la Salfa

Novemba, mabibo yakiwa bado yanaoza chini ya mikorosho,
Skolastika alikuja Mwena na kopo linalofuka moshi wa baridi,
akakata sikioni mwa Salfa kipande cha punje ya choroko.
Salfa akapiga ukelele mmoja tu,
akarudi kula mabibo.
Mimi ndiye niliyebaki na kamba, mikono inatetemeka.

Tulimwita Salfa kwa kuwa alizaliwa Juni,
mashine zinanguruma mashambani,
unga wa njano umetanda hadi kwenye ndoo za maji.
Mimba tano, watoto hamsini na wanane,
hakulalia hata mmoja.
Na alijua kufungua komeo kwa pua:
anainua, anasukuma, anatoka,
halafu anageuka kunitazama
kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji.

Februari homa ikaja.
Masikio yakawa mekundu, kisha zambarau.
Bwana mifugo Nampembe alisimama barabarani, hakuingia,
akasoma karatasi: karantini, shimo, moto, chokaa.
Tisa tuliwafukia kabla ya adhana ya alasiri.
Jirani yangu Chilumba, ambaye tangu tuhamie hapa
hajapata kupita upande wa banda langu,
alibeba mfuko wa chokaa hadi penye mpaka,
akautua, akasema, "Pole, mama,"
akaenda kunawa.

Sasa Skolastika ananipigia simu usiku, yuko maabara.
"Tunachukua yai la nguruwe mwingine, yale ya machinjioni,
tunalinyonya kiini kwa sindano nyembamba kuliko unywele,
tunatia cha Salfa, tunapiga umeme kidogo.
Lina mafuta, mama, jeusi, halipenyezi mwanga.
Ni kama kutafuta shilingi ndani ya uji wa ulezi."
Mayai mia mbili na kumi.
Yaliyogawanyika, arobaini.
Viinitete vilivyofika siku ya saba, sita.
Anavitaja kwa sauti ya mtu anayehesabu waliookoka ajali.

Nikamuuliza: vile vingine mnavizika wapi?
Kimya.
Nikasikia friji inanguruma.

Usidhani sielewi.
Miaka kumi na minne nabebesha mikorosho.
Nachukua kikonyo cha mti unaozaa, nakichonga kama kalamu,
nakipachika kwenye mche wa mbegu, nafunga kwa nailoni,
na miti mia tatu inakuwa mti mmoja.
Mmoja! Ubwiri unga ukija
haubishi hodi mara mia tatu.
Lakini ule wa kwa Chilumba umeinama kusini,
wa shuleni unachelewa kutoa maua,
na ule wa kaburini kwa mume wangu
una korosho ndogo, tamu, sijui kwa nini.

Nami nina jina la bibi yangu, Nachilongo.
Watu wazima walinisalimia "shikamoo bibi" nikiwa nanyonya.
Yeye alifinyanga mitungi; mimi nilijaribu mitatu,
yote ikapasuka motoni, nikaacha.
Walinipa jina.
Hawakunidai mitungi.

Jana umeingia ujumbe: kimoja kimeshika.
Kimo tumboni mwa jike jeupe lisilolijua vumbi hili.
Miezi mitatu, wiki tatu, siku tatu.
Nimekwangua kuta, nimepiga dawa, nimebadili mbao,
zote isipokuwa ya mlango.
Fundi akauliza, komeo nilikaze?
Nikatazama pale palipochubuka, kimo cha pua.
Liache, nikasema, lichezecheze.

Akiliinua, nitajua nimwite nani.
Asipoliinua
nitamfungulia mwenyewe,
nimtafutie jina.